Uwanja uko dirishani, si mbele! Siku upepo wa kusi ulipotugeuza Unguja

KAMA hujawahi kupanda ndege ndogo kipindi cha kusi, usimcheke aliyepanda akashuka magoti yanagongana. Mimi nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki.

Ilikuwa mwezi wa saba. Natoka Dar naenda Unguja kwenye kindege cha propela moja aina ya Caravan, vile vinavyobeba abiria kumi na wawili hivi. Safari yenyewe ni dakika ishirini tu, hujamaliza kumung'unya pipi ushafika. Nikabahatika, au niseme nikaponzwa, kupewa kiti cha mbele kabisa ubavuni mwa rubani. Vindege hivi vikiruka na rubani mmoja, kile kiti cha pili mara nyingi anapewa abiria. Nikajiona mfalme. Mbele yangu saa kibao, vitufe kibao, na usukani kabisa! Nikakunja mikono kama mtoto aliyeambiwa asiguse vitu vya watu.

Nyuma yangu alikaa mzee mmoja wa kanzu na kofia ya viua. Alikuwa kafiwa na kaka yake usiku ule. Maziko baada ya sala ya adhuhuri, na sisi tunaondoka Dar saa nne asubuhi. Kwa hesabu za kawaida alikuwa na muda wa kufika, kukaa na wenziwe na hata kunywa kahawa. Alikuwa kimya, tasbihi mkononi.

Tukavuka bahari vizuri. Kilichoniharibia siku kilianza tulipogeuka kuutafuta uwanja. Nikatazama mbele nione lami. Hola! Mbele naona mabati ya nyumba na vichwa vya minazi vinavyotikiswa kama vina ugomvi na mtu. Lami yenyewe iko huku kulia kwangu, dirishani. Nikamtazama rubani, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe limekunjwa mikono. Katulia. Nikatazama tena. Ndege inakwenda ubavu ubavu, pua inaelekea kwingine, na uwanja uko upande wangu, utadhani mimi ndiye ninayetua. Moyoni nikasema huyu bwana kapotea, na aibu inamzuia kuuliza njia.

Tukashuka. Tukakaribia. Kwenye zile mita za mwisho nikaona miguu yake inakanyaga pedali, pua ikaanza kunyooka ikaja kwenye lami, nikashusha pumzi. Mara puu! Bawa la kushoto likanyanyuliwa kama mtu kalitia jeki, tukasukumwa kulia, nikaona majani ya pembeni ya lami yanatusogelea. Rubani akasukuma kile kishikizo cha moto wa injini, dege likaunguruma, tukapaa.

Nyuma huko usiombe! Mama mmoja anaita "Yesu wangu!", mwingine "Ya Latifu!", mtoto analia. Tukazunguka. Tukaja tena. Safari hii tairi la kushoto likagusa kabisa, nikasema alhamdulillahi, mara tukarushwa juu kama mpira wa kitenesi. Ngurumo ile ile, tukapaa tena. Na badala ya kuzunguka mara ya tatu, nikaona kule mbele bahari tupu. Tunarudi Dar.

"Kwani uwanja hukuuona, mwanangu?" mzee akauliza kwa sauti. "Si ule pale? Mbona tairi limeshagusa?"

Rubani hakugeuka. Alikuwa anaongea na waongoza ndege kwenye redio.

Dar tukatua bila matata, upepo ulikuwa wa kawaida. Ngazini mzee akamvaa. Akamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, ila la mwisho lilikuwa kwamba yeye nahodha wa jahazi asiye na shule angemfikisha. Kijana akainamisha kichwa. "Shikamoo baba. Nisamehe. Msiba wako nimeusikia tangu tunapanda. Sikutaka uwe mingi."

Mzee hakuitikia ile shikamoo. Tukaambiwa ndege itajaribu tena saa nane mchana. Saa nane maziko yameshapita, kwa hiyo mzee akakimbilia bandarini kuwahi boti, nami nikamfuata, maana kurudi kwenye kile kiti cha mbele siku ile ile sikuweza.

TUNATAFUTA MCHAWI

Siku tatu baadaye nikamsaka yule kijana. Kukutana naye hakukuwa kazi, marubani wa vindege wana meza yao ya chai pale uwanjani. Aliniomba nisimtaje jina wala kampuni, na sitamtaja. Nikamwambia, kapteni, nieleze kama unavyomweleza mtoto, kwa nini tulikwenda upande upande kama kaa, na kwa nini mara mbili umeikaribia lami ukaikimbia.

Akaagiza chapati. Akaanza na upepo.

Bawa la ndege halijui ardhi. Linachojua ni hewa inayopita juu yake na chini yake. Chukua Cessna 172, kile kindege cha watu wanne ambacho karibu kila rubani duniani kajifunzia, maana vimetengenezwa zaidi ya 44,000. Hicho kikija kutua kinataka hewa ipite kwa noti 65 hivi. (Noti hizi si za Benki Kuu. Ni kipimo cha mwendo cha mabaharia, na noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.) Upepo wa noti 15 ukikupiga usoni, hewa unayo 65 lakini ardhini unakwenda 50 tu, kama kilomita 93 kwa saa. Ukikupiga mgongoni, ardhini unakwenda 80, kama kilomita 148. Ni ndege ile ile na lami ile ile, ila wa kwanza anasimama kistaarabu na wa pili anatafuta breki kwa jasho. Ndiyo maana ndege zinatua na kuruka zikiukabili upepo.

Zamani hili halikuwa tatizo kubwa. Viwanja vya mwanzo vilikuwa uwanda mpana wa majani, hauna mbele wala nyuma. Rubani anatazama moshi au bendera, anageuza pua anakotaka, anashuka. Tulipomwaga lami ndipo tulipojifunga wenyewe. Lami ina ncha mbili, na upepo hausomi ramani.

Zile namba kubwa zilizochorwa mwanzo wa njia ya kurukia ni dira, wamekata sifuri ya mwisho. Njia ya Unguja inaitwa 18 ukielekea kusini, yaani nyuzi 180, na 36 ukielekea kaskazini. Ile kubwa ya Dar ni 05 na 23. Kwa hiyo kaskazi ikivuma kutoka kaskazini mashariki, inaipiga njia ya 05 ya Dar usoni kabisa, marubani wanafurahi. Kusi ikigeuka, mambo yanageuka. Wenzetu wa Wilson pale Nairobi wana njia mbili, 07/25 na 14/32, upepo ukikataa huku wanajaribu kule. Unguja njia ni moja. Unatua hiyo au unaondoka.

"Siku ile mnarani walinipa upepo wa nyuzi 130, noti 20, ukija kwa mikupuo unafika 30," akasema.

Mimi nikaitikia kama niliyeelewa.

Akacheka, akanipa hesabu ambayo nilitaka kumkumbatia. Unatazama upepo umepishana na njia kwa nyuzi ngapi, halafu unazifanya nyuzi zile kuwa dakika za saa. Nyuzi 30 ni kama dakika 30, yaani nusu saa, basi nusu ya upepo inakupiga ubavuni. Nyuzi 45 ni robo tatu. Nyuzi 60 ni saa nzima, chukua upepo wote. Si hesabu ya profesa, lakini rubani hana muda wa kutoa kalamu. Sasa njia ni 180, upepo 130, tofauti 50. Kwa hiyo ilikuwa zaidi ya robo tatu kidogo: noti 15 au 16 za ubavuni pale upepo ulipotulia, na mkupuo ukija, 23 mpaka 25.

Hapo akanitajia namba ambayo sikuijua. Kitabu cha Caravan kinasema ndege ile ilionyeshwa kutua kwenye upepo wa ubavuni wa noti 20. Cha Cessna 172 kinasema 15. Si sheria kwamba ukizidisha moja unakamatwa. Maana yake ni kwamba rubani wa majaribio wa kiwanda, mtu ambaye kazi yake ni hiyo, alitua katika upepo huo na ndege ikamtii. Zaidi ya hapo kitabu hakikuahidi kitu, uko wewe na Mungu wako.

KAA HANA MAKOSA

Tuje kwenye ule mwendo wa kaa. Umewahi kumwona mtu akivuka mto Rufiji kwa mtumbwi? Akitaka kufika kijiji kilicho mkabala naye haelekezi omo kijijini. Akifanya hivyo mkondo utamshusha mpaka kwa watu asiowajua. Anaelekeza omo juu, kule mkondo unakotoka, mtumbwi unakwenda umekaa upande, na anafika alipotaka. Ndege ni hivyo hivyo. Upepo wetu ulitoka kushoto, rubani akageuza pua kushoto nyuzi kumi na ushee, na ndege ikawa inakwenda moja kwa moja kwenye lami japo pua inatazama baharini. Kwa hiyo pale nilipodhani kapotea, kumbe ndiyo alikuwa njiani kabisa. Angeinyoosha pua mapema kunifurahisha, upepo ungetubeba mpaka kwenye mashamba ya watu.

Kasheshe ni kwamba huwezi kugusa lami ukiwa umekaa hivyo. Matairi yanatazama inakotazama pua. Ukigusa umekaa upande, yanakokotwa kiubavu, na miguu ya ndege haikuumbwa kwa kazi hiyo. Inavunjika, au ndege inachepuka. Vile vindege vya zamani vyenye gurudumu dogo mkiani ndivyo balaa zaidi, maana uzito umekaa nyuma ya matairi makubwa. Mkia ukianza kwenda pembeni unataka kuwa mbele, na ndege inazunguka kama pia.

Kwa hiyo mwisho wa safari lazima unyooshe. Unakanyaga pedali kibao cha mkiani kiilete pua kwenye mstari. Lakini ukishanyoosha, upepo unaanza kukusukuma. Hapo ndipo mkono unapoingia: unainamisha bawa la upande upepo unakotoka, mabaharia wetu wanaita upande wa goshini, ndege iwe inauegemea upepo kama mtu anayesukuma mlango. Mguu unazuia pua isifuate bawa. Mkono huku, mguu kule, vimepingana, na kwa kupingana huko ndege inakwenda sawa. Nilijaribu kufanya pale mezani kwa mikono na miguu, nikamwaga chai.

Marubani wanabishana ni wakati gani wa kubadilisha. Wako wanaokuja kama kaa mpaka sekunde ya mwisho ndipo wananyoosha, wako wanaolalia bawa tangu mbali ili wajue mapema kama mguu utatosha. Kijana wangu anachanganya, anakuja kaa halafu anaanza kulalia bawa akiwa bado ana nafasi ya kukataa. Akanipa kipimo ambacho nakipenda: ukikanyaga pedali mpaka mwisho na pua bado haijanyooka, basi upepo umeizidi ndege yako. Huna cha kubishana. Ondoka.

Ukifanya sawasawa, tairi moja linagusa kwanza, lile la goshini. Abiria anadhani rubani kakosea. Hapana bwana! Hivyo ndivyo inavyotakiwa. La pili linafuata, la mbele linakuja mwisho. Na hapo kazi haijaisha, wengi wanaharibikiwa hapo hapo kwa kupumua mapema. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo vile vibao vya mabawa vinavyopungukiwa nguvu, wakati upepo haukupungua. Kwa hiyo badala ya kuachia usukani, unaupeleka zaidi na zaidi upande wa upepo mpaka unafika mwisho wake. Aliyenieleza alisema ndege ndogo inarushwa mpaka imefungwa kamba na kuwekewa vigingi. Hata inapotembea kwenda kuegesha, upepo unaweza kuibinua.

Wako walioutafutia ujanja huu mwendo wa kaa. Mwaka 1940 huko Marekani kilitoka kindege kinaitwa Ercoupe, kazi ya fundi Fred Weick, hakina pedali za mkia kabisa! Unaendesha kwa usukani tu kama gari. Kwenye upepo wa ubavuni unatua umekaa upande, na miguu yake imetengenezwa kuvumilia, kinajinyoosha chenyewe kikigusa. Na lile dubwana la vita la Marekani, B-52, matairi yake yanaweza kugeuzwa mpaka nyuzi 20, ndege ikatua pua inatazama kwingine na matairi yako sawa na lami. Sisi wa Caravan hatuna anasa hizo.

MIKUPUO NDIYO INAYOUA

Upepo wa ubavuni unaovuma sawasawa, hata ukiwa mkali, rubani aliyefundishwa anauzoea. Unajua kiasi gani cha mguu na mkono, unashikilia. Tatizo ni mikupuo. Sekunde hii 20, sekunde hii 30, sekunde ijayo 18. Mkupuo ukija, bawa linapata hewa ya bure na ndege inanyanyuka. Mkupuo ukikata, hewa imeondoka ghafla, ndege inadondoka kama ngazi imetolewa. Hiyo ndiyo iliyoturusha kama mpira mara ya pili.

Dawa yao ni kuongeza mwendo kidogo. Unachukua tofauti ya upepo wa kawaida na mkupuo, unaongeza nusu yake. Kwetu ilikuwa 20 na 30, tofauti kumi, nusu tano. Aliyezoea kuja na 80 anakuja na 85. Usizidishe kwa woga, maana mwendo unalipwa kwa lami: ukiongeza sehemu moja ya kumi ya mwendo, lami unayohitaji inaongezeka kama sehemu moja ya tano. Wengi pia wanapunguza vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, flapu. Vikishushwa vyote ndege inaelea polepole na upepo unaichezea. Kitabu cha Cessna chenyewe kinashauri, kwenye upepo mkali wa ubavuni shusha flapu kidogo kadiri urefu wa uwanja unavyoruhusu.

Na ukaribu na ardhi unaongeza vituko. Mabati, minazi, ghala, vyote hivyo vinakata upepo na kuukoroga, kama mawe yanavyokoroga maji ya mto. Jua la mchana nalo linachemsha ardhi na hewa inapanda kwa mafungu. Ndiyo maana ukiniuliza leo, nakata tiketi ya asubuhi mapema. Kwa kawaida saa hizo ardhi haijachemka na upepo wa bahari haujaamka.

Kuna mtego mwingine ambao alinieleza kwa sauti ya chini, na chapati akaiweka. Ni ile kona ya mwisho, pale ndege inapokata kuingia kwenye mstari wa uwanja. Upepo ukiwa unakusukuma kuelekea kule kule uwanja uliko, unafika kwenye kona haraka kuliko ulivyozoea na unaupita mstari. Mkono wa binadamu unataka kulazimisha: kanyaga pedali pua irudi haraka, vuta usukani. Ndege iko chini, mwendo mdogo, na umeikunja kama kitambaa. Bawa moja linaacha kubeba kabla ya jingine, ndege inajipindua, na hapo chini hakuna nafasi ya kuinusuru. "Ukiupita mstari, uache," akasema. "Ongeza moto, zunguka, njoo upya. Hakuna aliyekufa kwa kuchelewa dakika tano."

Na hata makubwa yanapata yao. Machi 1, 2008, pale Hamburg, Ujerumani, Airbus A320 ilikuwa inatua kwenye dhoruba, upepo wa ubavuni. Ikanyooka, mkupuo ukanyanyua bawa moja, ncha ya bawa jingine ikaikwangua lami. Wakaongeza moto, wakapaa, wakazunguka, wakatua kwenye njia nyingine iliyokaa vizuri na upepo. Hakuna aliyeumia. Picha zake zilizunguka dunia nzima na watu walitazama ule ukwanguaji. Yeye anasema anatazama kile kilichofuata, wale jamaa kukubali kwamba kutua kule kumeharibika na kuondoka.

MARA MBILI, BASI

Hapo ndipo nikamrudisha kwenye siku yetu. Mbona tairi liliposhagusa hukuling'ang'ania?

Akasema kuligusisha tairi si kutua. Tulipodunda tulikuwa juu, mwendo umekwisha, na upepo unatusukuma kulia. Ukisukuma pua chini kwa pupa, gurudumu la mbele linagusa kwanza na hilo ndilo dhaifu. Ukisubiri, utadondoka kiubavu. Lililobaki ni moto wote, pua juu kwa kiasi, flapu zirudi kidogo kidogo, mwendo ukisharudi unapanda. Hiyo kuondoka nayo inafundishwa na kufanyiwa mazoezi kama kutua kwenyewe, ila abiria hajui. Abiria anajua neno moja tu, "kashindwa".

Na kwa nini usijaribu mara ya tatu? Akanieleza kwamba ile mikupuo ilitoka kwenye wingu la mvua lililokaa juu ya Unguja, na nyuma yake aliona jingine. Mafuta ya kurudi Dar na akiba alikuwa nayo, lakini kila mzunguko unakula. Halafu ana kanuni yake mwenyewe aliyoiweka akiwa chini ametulia: mara mbili, basi. Akiwa juu hairuhusu ijadiliwe. Kwa sababu mara ya tatu unakuwa umechoka, umekasirika, na una watu kumi na wawili nyuma wanaokutazama kisogo. Unaanza kutua kwa ajili yao.

Nikamuuliza kama alimsikia mzee wakati ule.

"Nilisikia kila neno, kaka. Ile ndiyo iliyonitisha kuliko upepo. Kwa sababu nilitaka kumfikisha."

Sikujua nimjibu nini, nikampa habari za boti. Ile kusi aliyoikwepa yeye hewani tuliipata sote baharini. Nilitapika mpaka nikaona nyongo, na mzee wa watu ndiye aliyenishikia mfuko. Tulipokuwa katikati ya mkondo, mawimbi yanapiga madirisha, aliniuliza kama namjua yule kijana jina lake. Nikamwambia simjui. Akasema alimtolea maneno mazito, na shikamoo yake hakuipokea, nikimwona nimwambie ameipokea. Marahaba.

Rubani akakoroga chai iliyokuwa imeshapoa.

"Aliwahi?"

"Hakuwahi. Tulifika wameshatoka makaburini, akakuta watu barazani."

Akanyamaza. Nje ya dirisha la kantini lile soksi la upepo lilikuwa limenyooka kabisa, halilegei hata kidogo. Akalitazama, akatazama saa, akavaa kofia yake. Alikuwa na abiria wa saa sita.